Wasee wa "Jitengenezee", Onyesheni Pia Gemu Zilizokataa

Wasee, hii posti ni ndefu na najua bando ni za kuhesabu, kwa hivyo naanza na pointi yenyewe. Ukichoka katikati, angalau hii ubebe: video inayokufundisha kutengeneza kitu, ikakuonyesha pale kilipokubali na kuficha pale kilipokataa, ni uongo. Hata kama kila sekunde yake ilirekodiwa kweli. Hata kama mwenye video ni msee poa na anakuita "familia".

Na nasema hivi nikijua mimi ni mmoja wao.

Wale mmenifuata kitambo mnakumbuka ile video ya PS2 na monita. Ndiyo video yangu iliyotazamwa zaidi hadi leo. Nilichukua kebo ya PS2 ya vichwa vitano vya rangi, nikaikata. Nikachukua kebo ya VGA ya kompyuta, ile ya pini 15, nikaikata pia. Nikalehemu waya wa kijani kwa kijani, buluu kwa buluu, nyekundu kwa nyekundu, nikapeleka sauti kwa spika za kando kwa sababu VGA haibebi sauti. Nikachomeka kwa monita ya ex-UK niliyonunua Luthuli. Halafu, mziki ukapanda, Gran Turismo 4 ikatokea kwa skrini ikiwa safi kuliko ulivyowahi kuiona kwa TV. Mwisho nikasema: "Tupa TV, tengeneza hii." Sekunde 59. Komenti zikajaa moto.

Kila kitu mlichoona kilitendeka. Hakuna feki. Sasa niwaambie nilichokata.

Nilikata kwamba hiyo gemu sikuianzisha kwa monita. Niliianzisha kwa TV ya jirani na kebo ya kawaida, nikaenda kwa setingi za gemu, nikawasha kitu kinaitwa 480p, TV ikapoteza picha, ndio nikachomoa kebo ya kawaida nikaweka ile yangu. Nilikata kwamba menyu ya PS2 yenyewe, ile unaona ukiwasha tu, haikutokea kwa monita hata mara moja. Nilikata kwamba nilijaribu diski zingine sita na zote zikanipa skrini nyeusi. Diski ya Gran Turismo yenyewe ilikuwa ya toleo la Marekani, na PS2 yangu imechipiwa ndio inaisoma. Hayo yote niliyajua wakati nakata. Nilijiambia yanaharibu mtiririko.

Sasa, kuna dogo mmoja Kajiado mjini. Jina lake naliacha. Alikuwa na kibanda cha gemu, PS2 mbili, TV mbili za zamani zenye mgongo, mechi moja bob 20. Mnajua hivyo vibanda, kila mtaa uko navyo, Noonkopir, Chuna, Isinya, kila mahali. Umeme ukapotea siku moja, ukarudi na nguvu, TV moja ikaungua. Ilikuwa imebaki siku chache likizo ya Agosti ianze, na likizo ya Agosti kwa mtu wa kibanda ndiyo msimu wa mavuno. Dogo akaona video yangu. Akapanda mat hadi Nairobi, akanunua monita, kebo ya vichwa vitano, kebo ya VGA na bunduki ya kulehemu. Pesa ilikuwa ya kodi ya kibanda.

Akatengeneza. Akachomeka. Monita ikaandika "No Signal", ikalala.

Akafungua, akalehemu upya. Ikalala. Akalehemu tena. Akanunua kebo ingine ya VGA. Ikalala. Mara ya nne akaniandikia: "Bro, nimefuata kila kitu ulisema lakini inakataa, nisaidie." Nilikaa wiki mbili sijajibu, na nilipojibu nikamwandikia maneno matatu: "Angalia solda zako."

Hayo maneno matatu ndiyo yananifanya niandike hii. Kwa sababu nilijua zile diski sita, na bado nikalaumu mikono yake.

Dogo hakunitusi. Jumamosi moja akapanda mat kutoka Kajiado hadi hapa Kite, monita kwa mapaja, kebo kwa mfuko wa nailoni. Nikachukua maltimita nikapima waya zake moja baada ya nyingine. Zote zilipita. Hakuna mbili zilizogusana. Ukweli ni kwamba alilehemu vizuri kuliko mimi. Yangu ilikuwa imefungwa na selotepu. Tukaanzisha Gran Turismo yangu kwa TV, tukawasha 480p, tukabadilisha kebo. Picha ikatokea papo hapo, kwa monita yake, kwa kebo yake. Tukaweka diski yake ya mpira, ile wateja wake wanalipia. Nyeusi.

Akaniangalia, akaniuliza swali moja: "Kwa hivyo kebo ilikuwa sawa tangu siku ya kwanza?"

Ilikuwa sawa tangu siku ya kwanza.

Sasa niwape kile nilifaa kuwapa kwa ile video. Sina digrii, chuo niliacha, na huwa mnanikumbusha kwa komenti kila wiki. Lakini hii ni hesabu ya kuzidisha tu.

Picha ya TV ya zamani inachorwa kwa mistari, mmoja baada ya mwingine, kutoka juu hadi chini. Mfumo wa PAL, ambao Kenya ilitumia enzi za analogi, una mistari 625 kwa picha moja, na picha kamili 25 kwa sekunde. 625 mara 25 ni 15,625. Yaani TV inachora mistari kama elfu 15 na mia sita kwa sekunde. PS2 ilitoka mwaka wa 2000 na ilitengenezewa hizo TV, kwa hivyo menyu yake na gemu zake nyingi zinatoa picha kwa hiyo kasi.

Monita ya kompyuta ni mnyama mwingine. VGA ilianzishwa na IBM mwaka wa 1987, na picha yake ya msingi ina mistari 525 ikihesabiwa yote, mara 60 kwa sekunde. Zidisha: 31,500. Hiyo ni karibu mara mbili ya TV. Geuza monita yako uangalie nyuma, ama utafute kitabu chake, mara nyingi utaona namba kama 30–80 kHz. Hiyo 30 ndiyo mlango. Chini ya hapo hauingii. PS2 inakuja na 15, inabisha, mlango haufunguki. Monita zingine zinakuambia ukweli, zinaandika "Out of Range", yaani umekuja na kasi ambayo siwezi. Zingine zinajifanya hazijaona mtu, zinaandika "No Signal" na kulala. Ya dogo ilikuwa ya aina ya pili. Ndio maana aliamini waya umekatika. Mtu yeyote angeamini hivyo.

Ile 480p niliyowasha kwa TV ya jirani ndiyo inaifanya PS2 itoe kasi ya 31. Gemu chache ziko na hiyo setingi. Zingine nyingi hazina, na hakuna waya wa kulehemu unaoweza kubadilisha hilo. Waya unabeba kile umepewa. Hauwezi kuongeza kasi, kama vile bomba la maji haliwezi kuchemsha maji.

Kuna na kizuizi cha pili. Monita inahitaji ishara ya kuiambia mstari unaanza wapi na picha inaisha wapi. Mafundi wanaita sinki, na si ile ya kuoshea vyombo. Kebo ya VGA ina waya mbili za hiyo kazi, pini 13 na pini 14. PS2 ikiwa kwa 480p na setingi ya RGB haina hizo waya mbili. Inachanganya sinki ndani ya waya wa kijani. Monita zingine zinajua kuitoa hapo, zingine hazijui. Yangu ilijua. Ya dogo pia, kwa bahati. Ingekuwa haijui, angehitaji chipu ya kuitenganisha, kama LM1881. Nilisema hilo kwa video? Sikusema. Nilikuwa na bahati, nikaiuza kama ujuzi.

Hapa najua kuna mtu anaandika komenti: "Ndio shida ya vitu vya kujitengenezea. Nunua oriji." Buda, shikilia hapo. Sony wenyewe walitoa Linux ya PS2 mwaka wa 2002, na kwa boksi waliweka kebo ya VGA, oriji kabisa, kutoka kiwandani. Nayo ilihitaji monita inayoelewa sinki ndani ya kijani. Na diski ya mpira ya dogo ukiicheza kwa hiyo kebo ya Sony, itakupa nyeusi ileile. Kwa hivyo tuache hii tabia ya kudharau kitu kwa sababu kimetengenezwa mezani Kajiado. Kebo ya dogo ilifanya kila kitu ambacho kebo ya Sony ingefanya. Kilichokosekana ni sentensi moja kutoka kwangu.

Kuna kinyume chake pia. Xbox 360, iliyotoka 2005, ina kebo yake rasmi ya VGA na inafanya kazi bila drama, kwa sababu mashine yenyewe ndani inajua kutoa picha ya VGA. Ndio uone kwamba swali la kwanza huwa ni mashine inatoa nini na skrini inakubali nini. Ukijua hizo mbili, utajua kama waya unatosha ama unahitaji kitu katikati.

Na msidhani hii ni stori ya PS2 za zamani tu. Uongo wa sasa uko kwa HDMI na ni mbaya zaidi. Mmeziona hizo video: mtu anakata kebo ya HDMI, anakata kebo ya AV, ile ya njano, nyeupe na nyekundu, anasokota waya pamoja, anafunga na selotepu, anachomeka, TV ya mgongo inaonyesha picha. Kata. Asante kwa kutazama. Yangu ilikuwa nusu ukweli. Hiyo haina ukweli wowote. HDMI inabeba namba. Kwa picha ya 720p, kila jozi ya waya za picha inapitisha zaidi ya biti milioni 700 kwa sekunde. AV ya njano inabeba wimbi moja la umeme linalopanda na kushuka. Kugeuza moja kuwa ingine kunahitaji chipu inayosoma namba na kuchora wimbi, na chipu inahitaji umeme. Ndio maana vile viboksi vya kubadilisha HDMI kuwa AV huwa na kijitundu cha USB cha kuvipa umeme. Mtu akikuambia anafanya hiyo kazi kwa kusokota waya, TV yake inapata picha kutoka mahali pengine ambapo kamera haionyeshi.

Hali ni hiyohiyo kwa kebo za bei ya chini zilizo na kichwa cha HDMI upande mmoja na VGA upande ule mwingine, na hakuna chipu yoyote katikati. Ukichomeka hiyo kwa PS4, utapata kiza. Halafu utarudi dukani, utaambiwa "jaribu kwa TV ingine". Lakini HDMI kwenda DVI, hiyo inakubali na waya tupu, kwa sababu picha ya hizo mbili inasafiri kwa njia moja. Mnaona? Vichwa viwili vinafanana na havielewani, vingine havifanani na vinaelewana. Huwezi kujua kwa macho. Lazima mtu akuambie. Na sisi tulio na simu, taa ya duara na wafuasi ndio tumejipa hiyo kazi ya kuwaambia.

Sasa twende kwa visingizio, kwa sababu nimevitumia vyote.

Cha kwanza: "Video ni ya dakika moja, siwezi weka kila kitu." Sawa. Chukua saa upime hii sentensi: "Inafanya kazi na gemu zenye 480p tu, na monita zingine zinakataa." Ni sekunde tano. Kwa ile video yangu niliweka sekunde nane za mimi nikinywa soda.

Cha pili: "Nikionyesha ikikataa, algorithimu itanizika." Hapa sina uongo wa kuwapa, inaweza kuwa kweli. Nimerekodi video mpya ya hiyo kebo, yenye diski zote saba, moja iliyokubali na sita zilizokataa, na haijafika hata robo ya ile ya kwanza. Inauma. Lakini angalia hesabu vizuri. Watazamaji wa ziada niliwapata mimi. Gharama aliilipa dogo. Ukichukua faida na kumwachia mwingine gharama, hiyo hata kwetu sokoni ina jina, na jina lenyewe si "mbinu ya maudhui".

Cha tatu, na hiki ndicho kinanikera zaidi: "Kontenti ni ya bure, watu wajitafutie." Bure kwa nani? Monita alinunua. Kebo mbili za VGA alinunua. Nauli ya Nairobi alilipa, nauli ya Kite akalipa tena. Muda ndio usiseme. Wiki tatu za likizo ya Agosti kibanda kilikuwa na skrini moja badala ya mbili, na watoto wakachoka kupanga foleni, wakahamia kwa kibanda kingine. Mwisho wa mwezi aliuza PS2 moja kulipa kodi. Video yangu ilikuwa bure kwa wale waliotazama wakiwa kwa kiti. Kwa yule mmoja aliyeiamini, ilikuwa kitu cha bei ghali zaidi alichonunua mwaka huo.

Hebu fikiria hiyo kidogo. Anayelipia nusu ukweli ni yule anayekuamini. Mwenye kukutilia shaka anapita tu. Mwenye pesa ananunua kiboksi kilicho tayari anaendelea na maisha. Anayeshika chuma cha kulehemu ni yule ambaye hana njia ingine, na ndiye tunamwambia "angalia solda zako".

Na kuna kitu kingine tunaharibu, kikubwa kuliko kibanda kimoja. Dogo alilehemu mara nne. Mara nne! Na kila mara alikuwa akijifunza kwamba yeye hajui. Tulipopima na maltimita, alikuwa anangoja nimwonyeshe kosa lake liko wapi. Kosa halikuwepo. Ni vijana wangapi wamewacha kufungua vitu kwa sababu walifuata video, ikakataa, wakaamua kwamba wao ni wabaya wa mikono? Tunalia kila siku kwamba kila kitu kinatupwa, kila kitu kinanunuliwa kipya, hakuna mtu anataka kurekebisha. Halafu sisi haohao tunawafundisha watu kwamba kurekebisha ni uchawi: wengine wako nao, wewe huna.

Kurekebisha si uchawi. Ni kugawanya shida vipande na kuuliza kila kipande swali moja. Kwa hii kebo, ningekuwa mtu wa maana, ningewapa hivi:

Kwanza, kabla hujanunua chochote, soma namba ya monita na ujue mashine yako inatoa nini. Hiyo ni bure, na hiyo peke yake ingemwokolea dogo pesa zake zote. Pili, ukishatengeneza, pima kila waya kutoka mwanzo hadi mwisho kabla ya kuchomeka, na upime pia kama kuna mbili zimegusana, kwa sababu kichwa cha PS2 kina pini inayobeba volti 5 na hutaki hiyo iguse pini ya kando. Tatu, jaribu na kitu unachojua kinafaa kukubali. Gemu moja ya 480p, monita moja ambayo mtu ameithibitisha. Nne, badilisha kitu kimoja kwa wakati. Gemu ileile, monita ingine. Kisha monita ileile, gemu ingine. Ukibadilisha vitu vitatu mara moja na ikubali, hujui ni nini kimekubali. Tano, angalia rangi. Picha ikija na zambarau na kijani kila mahali, usikimbilie solda. Ingia kwa menyu ya PS2 kwa TV ya kawaida uone kama imewekwa RGB ama ile setingi ingine ya component. Ikiwa tayari ni RGB na picha bado imezama kwa kijani, hiyo inaweza kuwa ile sinki imebaki ndani ya waya wa kijani.

Na mwisho, kubali kama jibu ni hapana. Sisi tulijaribu programu ndogo inayoendeshwa kutoka kwa memori kadi, inaitwa GSM, inayolazimisha gemu itoe 480p. Ile ya mpira ikakubali. Mbili zingine zikakubali lakini zile video za katikati zikawa zinaharibika. Haifanyi kazi kwa gemu zote, na ile njia ya memori kadi haikubali kwa PS2 zote. Nasema hivyo sasa, mapema, na wala sijapungua kitu kwa kusema.

Kwenu nyinyi mnaotazama, sitawaambia msituamini. Ningekuwa mjinga, hii ndiyo kazi yangu. Nawaambia mtuulize maswali matatu kabla ya kutoa hata bob 50. Ulijaribu na vitu vingapi? Ni vipi vilikataa? Ulifanya nini kabla ya kuwasha kamera? Mtu aliyetengeneza kitu kweli atakujibu haraka, kwa sababu yale yaliyokataa ndiyo anayakumbuka zaidi. Asiyejibu, ama anayekujibu na emoji ya kucheka, umeshapata jibu lako.

Kwetu sisi wa kontenti: tuweke zile zilizokataa. Si kwa komenti iliyobandikwa ambayo hakuna mtu anasoma, ndani ya video. Na mtu akiandika "inakataa", tuanze na kudhani kwamba amefanya vizuri na sisi ndio tumeacha kitu. Mara nyingi ndivyo itakuwa.

Ile video ya zamani sijaifuta. Nilifikiria kuifuta, dogo akaniambia niiache, nibadilishe tu mwanzo. Kwa hivyo sasa ukiifungua, sekunde sita za kwanza ni mimi nikisema inakataa gemu nyingi na kwa nini. Watu wengi wanapita hapohapo. Sawa. Hao ni watu ambao hawatanunua monita bure.

Dogo bado ana kibanda. PS2 moja, TV moja, na monita yake ukutani kwa zile gemu tatu zinazokubali. Nilimlipia nauli ya kurudi, na kwa yale mengine bado tunaelewana. Hilo ni kati yangu na yeye.

Ukiwa na kebo yako imekataa, usiandike "haifanyi". Niandikie: mashine gani, gemu gani, skrini imeandika nini, na umejaribu nini mpaka sasa. Sitakuambia uangalie solda zako kabla sijakuuliza hayo.